Bili ya Umeme Unaisaini Siku Unayonunua Nyumba

Asanteni, kaeni jamani. Mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele, sijui kwa nini watu wanaogopa viti vya mbele, sitomuuliza mtu hesabu.

Nimepewa mada mbili, kununua nyumba ya kwanza na kupunguza matumizi ya umeme nyumbani, na aliyeandaa ratiba kaziandika kama vitu viwili visivyojuana. Mimi nasema ni mada moja. Kuna watu humu wameshanisikia mara nyingi, wakiniona tu wanajua ninachokuja kusema, na nakuja kukisema tena: bili yako ya umeme ya miaka 20 ijayo, sehemu kubwa unaisaini siku ile ile unayosaini mkataba wa nyumba. Haya mengine, zima taa, chomoa hiki, chomoa kile, ni makombo.

Tuanze na hayo makombo tuyamalize. Kila nyumba ina mzee mmoja ambaye usiku anapita chumba hadi chumba anachomoa chaja za watoto huku anagomba, mnataka kunifilisi. Sawa mzee, tupige hesabu. Chaja ya kisasa ikiachwa kwenye soketi bila simu inakula kama sehemu ya kumi ya wati, nyingi zinakula hata chini ya hapo. Iache mwaka mzima, saa 8,760, haifikishi uniti moja, yaani wati 1,000 zikiwaka saa nzima. Halafu mzee huyo huyo akimaliza doria yake anaingia bafuni, anawasha ile shawa ya umeme inayochemsha papo kwa papo, wati 5,000, anaoga dakika 10 na kuimba juu. Dakika 10 hizo zimekula uniti 0.8. Yaani ameoga mara moja akamaliza karibu umeme wote wa ile chaja kwa mwaka. Na kesho anaoga tena.

Mnacheka, ila hii ndo shida yenyewe, tunahangaika na vitu vinavyoonekana. Taa inaonekana, chaja inaonekana, joto halionekani. Maji ni kitu kigumu sana kupasha, lita moja kupanda nyuzi moja tu inataka kilojuli 4.2. Chukua tangi la lita 100, maji yametoka bombani yana nyuzi 20 unayapeleka 60, hapo umeshachoma uniti 4 na nusu na zaidi kidogo, na bado hujahesabu joto linalopotea tangi likiwa limekaa tu. Umeme huo ungechaji simu kila siku kwa kama nusu mwaka. Kwa hiyo kanuni ni moja na ni rahisi: kinachotengeneza joto au kuhamisha joto ndo kinachokula. Hita, pasi, jiko, birika, AC, friji. Kinachotoa mwanga na sauti na picha kinakula kidogo, usigombane na mtoto kwa ajili ya redio.

Sasa swali langu kwa anayenunua nyumba mara ya kwanza. Nini kinakufanya uwashe hita au AC? Hali ya hewa, ndio, lakini hali ya hewa mnaipata sawa wewe na jirani, mbona yeye bili yake nusu ya yako? Ni nyumba. Nyumba ndo inaamua.

Kuna vijana wawili, mke na mume, walinunua nyumba yao ya kwanza, naitumia sana hii stori kwa sababu ina kila kitu ndani. Dalali aliwapeleka saa nne asubuhi. Dalali mzuri atakupeleka saa nne asubuhi siku zote, hakupeleki saa tisa alasiri hata umwombe, atakwambia muda huo ana mteja mwingine. Wakaingia sebuleni, ukuta mzima ni kioo, mwanga umetulia, hewa poa, dada akapiga picha, kaka akaenda jikoni akafungua makabati yote na bomba akalifungua akalifunga. Makabati! Mimi sijui ni nani aliyewafundisha watu kwamba nyumba inakaguliwa kwenye makabati. Kabati ukilichukia unalibadilisha wikiendi moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ule ukuta wa kioo unatazama wapi.

Ulikuwa unatazama magharibi. Na popote duniani unapokaa jua la jioni linashukia upande wa magharibi, na likishuka linakuwa limelala, linapita chini ya upenu linaingia mpaka kwenye kochi. Upenu unakusaidia jua likiwa juu, hili la alasiri upenu hauliwezi. Mashariki nako jua linaingia limelala hivyo hivyo, lakini asubuhi nyumba imeshapoa usiku kucha kwa hiyo inavumilika. La magharibi linakuta nyumba imeshachoka.

Basi wakahamia. Wiki chache tu sebule ikawa haikaliki kuanzia saa nane, wakanunua AC. Haikutosha. Fundi akawaambia AC ni ndogo, wakaongeza ya pili, na fundi siku zote atakwambia ni ndogo. AC ikizidi ukubwa nayo ni tatizo, inapoza haraka inazima, inawaka inazima, unyevu haiutoi, unakaa kwenye baridi yenye unyevunyevu. Baadaye wakanunua mapazia mazito. Bili ikaja wakadhani mita mbovu, wakaenda kulalamika, mita ikapimwa, mzima kabisa. Ndo wakanitafuta.

Nikaenda saa kumi jioni. Sikuangalia AC. Niliomba ngazi. Nikashika dari kwa kiganja, la moto. Nikafungua kile kimlango cha dari nikapanda na tochi, na huko juu hakuna kitu! Bati la rangi nyeusi, halafu hewa, halafu jipsam, halafu vichwa vya watu. Bati jeusi kwenye jua kali linapita nyuzi 60, na joto lile haliji kama upepo, linashuka kama mionzi moja kwa moja mpaka kwenye dari, dari nalo linakumwagia wewe, feni unayoiwasha inazungusha tu hewa ambayo imeshapata moto. Pale panatakiwa insulesheni, ile pamba ya vioo au povu gumu, kinachofanya kazi ni hewa iliyonaswa humo ndani isitembee. Kitu chepesi, hakina sifa, huwezi kumwonyesha mgeni, ndo maana mjenzi anayejenga ili auze anakiruka anaweka hela kwenye vigae vya jikoni.

Na mapazia? Nitalijibu kwa sababu najua kuna mtu analiuliza kimoyomoyo. Kioo kinapitisha mwanga wa jua, mwanga ukigonga kochi au sakafu au hilo pazia lako unageuka joto, na joto la namna hiyo halipiti kirahisi kwenye kioo kurudi nje. Limeshaingia. Pazia la ndani unakamatia jua ndani ya nyumba, umechelewa. Kivuli kinatakiwa kiwe nje, turubai, mbao za kukatisha jua, kibaraza, mmea unaopanda. Wale vijana tuliwawekea kivuli cha nje na insulesheni juu, bati likapakwa rangi nyeupe, na ile AC ya pili saa hivi iko pale ukutani kama pambo. Ila walilipa mara mbili, walinunua nyumba halafu wakanunua dawa ya nyumba.

Mtu anasema mimi nitapanda mti. Panda, mti ni kitu kizuri sana, ila mti haujui kama una bili mwezi huu, na usiupande ukagusa ukuta.

Mwingine, na huyu ndo ananimaliza nguvu, anasema mimi nitafunga sola kwa hiyo hayo hayanihusu. Ndugu yangu. Sola kwenye nyumba inayovuja joto ni kuteka maji kwa pakacha. Unanunua paneli nyingi na betri kubwa ili uendeshe AC mbili ambazo hukuzihitaji. Kwanza punguza mahitaji, halafu ndo upime ukubwa wa sola, utakuta umehitaji ndogo zaidi, na ukikagua nyumba angalia kama paa lina sehemu isiyo na kivuli, maana kivuli cha tangi la maji au ghorofa la jirani kikikatisha paneli kinaangusha uzalishaji kuliko unavyodhani. Paneli zinadumu, nyingi zinapewa dhamana ya miaka 25, betri haifiki huko, iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na wa sehemu za baridi msianze kusinzia. Insulesheni haijui joto linaelekea wapi, inalipunguza kasi tu, liwe linaingia au linatoka. Nyinyi jua mnalitaka, kwa hiyo madirisha makubwa yatazame upande jua linakopita, kusini kama uko kaskazini mwa ikweta mbali huko, kaskazini kama uko kusini. Vioo viwili viwili kwa kila dirisha, na nafasi ya hewa katikati. Na siku ya kukagua nenda na kijiti cha udi, kiwashe, kipitishe pembeni ya madirisha na milango, moshi ukilala ujue upepo unaingia na pesa inatoka.

Kuna aliyeniambia mara moja, mwalimu, hayo ni mambo ya matajiri, sisi tunachukua tunachokiweza. Hapana, ni kinyume chake! Tajiri anaweza kuishi kwenye nyumba mbovu, anawasha AC nne anasahau. Wewe mwenye mkopo ndo huwezi. Tazama benki inavyokupima, inachukua mshahara wako inatoa rejesho inasema unaweza. Benki haikuuliza nyumba inakula uniti ngapi. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 10 kwenye salio linalobaki, mpaka umalize umelipa kama mara 2.3 ya ulichokopa, na rejesho la mwezi wa kwanza asilimia 86 yake ni riba, 14 tu ndo inagusa deni. Miaka ya mwanzo ndo huna pumzi kabisa, na miaka hiyo hiyo ndo unagundua dari halina kitu. Kwa hiyo usimalize akiba yote kwenye malipo ya awali ili mradi nyumba iwe kubwa kidogo, bakiza ya kuirekebisha. Na ukipata ziada ya kulipia deni ilipe mapema, miaka ya mwanzo, maana kila unachopunguza pale hakitozwi tena riba miaka yote iliyobaki.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mengi, nitakimbia.

Unapokagua, mwombe muuzaji bili za miezi 12, sio ya mwezi mmoja aliouchagua yeye, na uulize walikuwa wanaishi watu wangapi. Akisema zimepotea, hilo nalo ni jibu. Zima kila kitu nyumbani, friji pia, uangalie mita, ikiendelea kuhesabu kuna umeme unaokwenda pasipojulikana, uje na fundi wako. Wako, sio wa dalali. Hati uihakikishe kwenye ofisi ya serikali inayosajili ardhi, sio kwenye fotokopi, na uone kama kuna deni au kesi juu yake, bili za maji na umeme zilizolala ziandikwe kwenye mkataba nani analipa. Wakili awe wa kwako, usishee wakili na muuzaji eti kupunguza gharama.

Friji, funga mlango na karatasi katikati, ukiivuta ikatoka kirahisi mpira umechoka, na uisogeze kutoka ukutani ipumue. Taa za LED, wati 8 au 9 zinatoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60, hili naona wengi mmeshafanya. Tangi la maji ya moto livalishe blanketi lake, ila usishushe joto la ndani chini ya nyuzi 60 kwa kubana matumizi, kuna bakteria wanapenda maji ya vuguvugu. Kama unapata jua la kutosha hita ya sola ya maji ndo ya kwanza kununua, kabla ya paneli za umeme, kwa sababu ya ile hesabu ya lita 100. Kwenye AC safisha chujio, ukinunua mpya chukua ya inveta, ile inayopunguza na kuongeza kasi yenyewe badala ya kuwaka na kuzima, na chumba uzibe kwanza ndo upime ukubwa wa AC.

Riba inayopanda na kushuka dhidi ya ile isiyobadilika sikuigusa na ni kubwa, ila ukipewa ile inayopanda, piga hesabu kama ikipanda pointi 3, tuseme kutoka asilimia 10 hadi 13, bado utaweza kulipa, kama huwezi nyumba hiyo sio ya kwako kwa sasa. Haya, maswali, na mwenye ramani ya nyumba anayotaka kununua aniletee hapa mezani nimwonyeshe magharibi iko wapi.