Msimu wa vitabu ulioanzia kwenye rafu moja ya Boston

REHEMA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena barazani. Mimi ni Rehema, niko Michigan, huku majani yameshapukutika na koti halivuliwi.

JUMA: Nami Juma, nipo Tanga, feni inazunguka na jasho linatoka vilevile. Da Rehema, ulinitumia picha ya meza imejaa vitabu hadi kitambaa hakionekani. Tuanzie hapo.

REHEMA: Na ile ni meza moja tu, Juma. Huku West Bloomfield, nje kidogo ya Detroit, kuna kituo cha jamii ya Wayahudi, na Novemba ikifika kinageuka soko la vitabu. Wamekuwa na maonyesho haya tangu miaka ya 1950. Si lazima uwe Myahudi. Jirani yangu alinikaribisha, nikamshika binti yangu mkono tukaenda.

JUMA: Vitabu si unaweza kununua kwa simu ukiwa umejifunika blanketi? Watu wanatokaje kwenye baridi hiyo?

REHEMA: Wanamfuata mwandishi mwenyewe. Nilikaa nyuma ya bibi mmoja, kitabu chake kimechomekwa vikaratasi vya manjano kila baada ya kurasa chache. Maswali yalipofunguliwa akasimama, akasoma sentensi moja kwa sauti, halafu akasema, "Mama yangu hakulia hivi." Ukumbi ukanyamaza. Mwandishi akashuka jukwaani, akavuta kiti, akakaa karibu naye amsikilize. Nilitamani shangazi zangu wangekuwepo, maana nao wana masimulizi ambayo hakuna mwandishi aliyewahi kuwauliza.

JUMA: Subhanallah. Na watoto walikuwa wapi?

REHEMA: Chumba cha pili, wameketi kwenye zulia. Mwandishi wa kitabu cha picha aliwaletea michoro aliyoitupa kabla ya kupata ile ya mwisho. Binti yangu ana miaka saba. Akanyoosha mkono: kwa nini mbwa alikuwa wa kahawia, kisha akawa mweusi? Akajibiwa kirefu, kama anavyojibiwa mtu mzima. Kwamba wa kahawia alikuwa anapotea kwenye rangi ya sakafu.

JUMA: Mimi baada ya ile picha yako niliketi kusoma asili ya mambo haya. Nikakutana na mwanamke anayeitwa Fanny Goldstein. Alizaliwa katika Dola ya Urusi, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akaja kuwa mkutubi wa tawi la West End la maktaba ya umma ya Boston. Mtaa wa wahamiaji ule, Wayahudi, Waitaliano, kila mtu na lugha yake. Mwaka 1925 akatenga vitabu vya Kiyahudi, akavipanga mahali watu wanapoviona, akaipa jina: Wiki ya Kitabu cha Kiyahudi.

REHEMA: Rafu tu?

JUMA: Rafu tu! Na lile tawi lilikuwa ndani ya jengo lililojengwa kuwa kanisa, na leo limerudi kuwa kanisa. Miaka miwili baadaye miji mingine ikaiga. Kufika 1943 wiki imekuwa mwezi mzima. Huo mwezi ndio unaowaleta waandishi kwenye kituo chenu kila Novemba.

REHEMA: Kwa nini Novemba lakini?

JUMA: Hapo ndipo palinipendeza. Mwanzoni wiki ile ilifuata Shavuot, sikukuu ya kukumbuka kupewa Torati. Mwaka 1940 wakaisogeza kabla ya Hanuka, sikukuu yao ya taa ambayo kwa kawaida huangukia Desemba, watu wapate kununua vitabu vya zawadi. Biashara imo, sikatai. Ila Shavuot ina kisa chake. Wayahudi wa Ujerumani na Ufaransa zama za kati, mtoto akianza kusoma, ilikuwa desturi kumpeleka kwa mwalimu siku hiyo. Herufi zinaandikwa kwenye ubao, zinapakwa asali, mtoto analamba.

REHEMA: Ala! Mbona kama kombe?

JUMA: Nilifikiria hilohilo! Bibi yangu alikuwa akiandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akapewa mgonjwa anywe. Lengo ni jingine, najua, huku ni dawa na kule ni kumfungulia mtoto elimu. Lakini neno kuingia mwilini kwa njia ya mdomo, sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa.

REHEMA: Nami nina la kwangu. Mezani pale kitabu cha sala kilimponyoka kijana mmoja. Alikiokota haraka, akakibusu, ndipo akakirudisha. Nilisimama pale nikamwona marehemu baba, msahafu umeanguka, anaubusu na kuuweka kwenye paji la uso.

JUMA: Watu wa Kitabu.

REHEMA: Na kwa Wayahudi kitabu cha sala kikichakaa hakitupwi. Chenye jina la Mungu huhifadhiwa, kisha huzikwa kama maiti. Pale hifadhi ilipojaa bila kuzikwa, ikawa hazina: sinagogi ya Ben Ezra, Cairo, ilikutwa na makaratasi ya karne nyingi, mengine barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi.

JUMA: Nikuulize la uendeshaji. Mji mdogo unawapataje waandishi?

REHEMA: Kuna baraza la vitabu vya Kiyahudi, ambalo huwakutanisha waandishi na waandaaji kutoka miji mingi. Kila mwandishi anapewa dakika mbili aeleze kitabu chake. Dakika mbili, basi. Waandaaji wanaandika, kisha wanachagua wa kumwalika.

JUMA: Na mtoto ambaye wazazi hawana uwezo wa kununua?

REHEMA: Mwaka 2005 Harold Grinspoon, tajiri wa Massachusetts, alianzisha PJ Library, yaani maktaba ya pajama. Familia inaletewa vitabu nyumbani bure, vya kusomwa mtoto akienda kulala. Wazo alilipata kwa mwanamuziki Dolly Parton, aliyekuwa akiwatumia watoto vitabu tangu miaka ya 1990. Juma, mimi nimesoma shule ambayo maktaba ilikuwa na kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja. Tulichungulia dirishani, vitabu tunaviona, vumbi limelala juu yake. Miaka minne. Inaniuma hadi leo.

JUMA: Pole, dada.

REHEMA: Nimeshapoa. Binti yangu alisainiwa kitabu chake. Chini ya jina mwandishi akamwandikia: "Na mbwa wako ana rangi gani?" Tangu Jumapili meza ya jikoni imejaa karatasi. Amefika mbwa wa kumi na mmoja, na leo asubuhi kaniambia huyu wa kijani ndiye haswa.

JUMA: Nitumie picha yake.

REHEMA: Natuma sasa hivi.