Barua ya Punguzo la Kodi: Mhadhara kwa Wenye Nyumba wa California

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kuitoa siku ya mapumziko kuja kusikiliza habari za kodi. Najua si mambo ya kumtoa mtu kitandani.

Nianze na barua yenyewe, ile ya kampuni inayosema itakuombea punguzo la kodi ya nyumba ukiilipa ada. Inakuja kwa posta, katika bahasha yenye kidirisha kama zile za serikali. Ndani mna jina lako kamili, anwani ya nyumba, namba ya kiwanja, mwaka ulionunua, na mara nyingine jina la benki iliyokukopesha pamoja na kiasi cha mkopo. Kuna jedwali la kodi unayolipa, kodi "unayostahili" kulipa, na pesa utakazookoa kwa mwaka. Chini kabisa kuna tarehe ya mwisho na ada. Mara nyingi ni dola mia na kitu, na ukichelewa inapanda. Kisha kipande cha kukata na kurudisha pamoja na hundi.

Wanaoniletea barua hizi huniambia maneno yaleyale: "Hii ni ya serikali tu, la sivyo wamejuaje haya yote?" Hapo ndipo penye mtego, na ndipo nataka tukae kidogo.

Uliponunua nyumba, hati ya umiliki ilisajiliwa katika ofisi ya msajili wa kaunti. Hati ya rehani ilisajiliwa pia. Kumbukumbu hizo ni za umma. Wapo wanaofanya biashara ya kuzikusanya na kuziuza kwa orodha ndefu, na anayezinunua huziingiza kwenye barua kwa kompyuta, nyumba moja baada ya nyingine, bila hata kujua mtaa wako uko wapi. Kwa hiyo kila kinachokufanya uiamini barua ile ni kitu ambacho yeyote angeweza kukipata. Namba ya kiwanja haithibitishi chochote. Ndiyo maana wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza humiminiwa barua miezi ya mwanzo. Mojawapo huwauzia nakala ya hati yao wenyewe, ambayo msajili huirudisha kwa posta akishaisajili!

Sasa tuingie kwenye kodi, kwa sababu tapeli hula kwa mtu asiyejua hesabu yake inavyopigwa.

Tangu Pendekezo la 13 lilipopitishwa na wapiga kura Juni 1978, kodi ya msingi ya nyumba hapa California ni asilimia 1 ya thamani iliyotathminiwa, ukiongeza madeni yaliyoidhinishwa na wapiga kura wa eneo lako. Thamani hiyo huanza na bei uliyonunulia, na kila mwaka haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 2, hata kama soko limeruka juu. Novemba ya mwaka huohuo likaja Pendekezo la 8, linalosema kwamba ikiwa tarehe 1 Januari thamani ya nyumba sokoni iko chini ya ile iliyo kwenye daftari la mthamini, yaani afisa wa kaunti anayekadiria thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, utozwe kwa ile ndogo.

Tupige hesabu. Tuseme ulinunua mwaka 2012 kwa dola 400,000. Ukipandisha asilimia 2 kila mwaka, kufikia 2024 unapata kama dola 507,000. Nyumba hiyo sokoni ina thamani ya 800,000. Je, kuna cha kupunguza hapo? Hakuna. Tayari unatozwa chini ya bei ya soko. Anayekutoza ada akuombee punguzo anakuuzia upepo, na bila shaka anajua hivyo, kwa kuwa mwaka ulionunua anao kwenye karatasi yake.

Lakini aliyenunua mwaka 2022 kwa 900,000, kisha bei za mtaa wake zikashuka hadi 840,000, huyo ana hoja. Bila kuhesabu zile asilimia 2 za kila mwaka, tofauti ni 60,000, na asilimia 1 yake ni dola 600 kwa mwaka. Aombe! Aombe yeye mwenyewe, kwa mthamini wa kaunti, kwa fomu ya ukurasa mmoja au miwili, bila kulipa hata senti. Atafute nyumba mbili tatu zinazofanana na yake zilizouzwa karibu na tarehe 1 Januari. Zilizouzwa baada ya 31 Machi hazihesabiwi. Mthamini akikataa, ipo bodi ya rufaa za tathmini. Dirisha lake hufunguliwa 2 Julai na kufungwa 15 Septemba au 30 Novemba, kutegemea kaunti. Baadhi ya kaunti hutoza ada ndogo ya kufungua rufaa, ila hiyo hulipwa kwa karani wa bodi, si kwa kampuni yenye sanduku la posta.

Nikumbushe pia kwamba punguzo hili ni la muda. Soko likipanda, mthamini anaweza kuirudisha thamani kwa mruko unaozidi asilimia 2, mpaka ifikie pale ambapo ingekuwa kwa kanuni ya Pendekezo la 13. Usishtuke mwaka huo ukadhani umeibiwa.

Kuna ujanja mmoja wa kampuni hizi ambao, kusema kweli, umekaa kiakili. Bei za nyumba zikiporomoka, wathamini huzipitia nyumba nyingi wenyewe na kushusha thamani bila kuombwa. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mdororo wa 2008. Kampuni inachukua ada yako, mthamini anashusha kama alivyokuwa amepanga, na kampuni inakuandikia: "Hongera, tumefanikiwa." Mwaka 2009 Jerry Brown, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alizichukulia hatua za kisheria kampuni za namna hii.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Mama anauliza, mbona wasifungwe wote?

Kwa sababu wengi wao hutembea juu ya ukingo wa sheria. Kukuombea punguzo kwa malipo si kosa. Kosa ni kujifanya serikali. Sheria ya shirikisho ya posta inataka barua ya biashara yenye sura ya ankara iseme wazi kwamba si ankara, na sheria ya California inataka kampuni hizi zitamke kwamba hazihusiani na serikali. Basi wao hulitamka hilo, mahali ambapo jicho lako halifiki. Kwa hiyo barua ikija, anzeni kuisoma kutoka chini kwenda juu, na mgeuze nyuma. Mkikuta maneno hayo mmemaliza kazi.

Wasiotuma barua ni wabaya zaidi. Hao hupiga simu: "Umelipa kodi kupita kiasi, unadai kaunti dola kadhaa, nipe namba ya akaunti tukurudishie." Kata simu. Kisha piga wewe, kwa namba iliyoko kwenye hati yako ya kodi ya mwaka. Na yeyote akija mlangoni na karatasi za kusaini "ili tukuwakilishe", msisaini chochote kabla mwanao au mwanasheria hajakisoma. Zipo nyumba zilizobadilishwa umiliki kwa sahihi za namna hiyo, na kuirudisha nyumba ni kesi ya miaka.

Mzee wangu hapa mbele anasema ameambiwa asitoe kamwe namba yake ya hifadhi ya jamii. Shauri zuri, ila kuna mahali pamoja ambapo halifai. Fomu halali ya msamaha wa mwenye nyumba anayeishi humo, ule unaoondoa dola 7,000 kwenye thamani na kukuokolea kama dola 70 kwa mwaka, huiuliza namba hiyo. Angalia fomu umeitoa wapi na unaipeleka wapi. Ichukue kwa mthamini, mrudishie mthamini, kabla ya 15 Februari. Ni bure, na unaijaza mara moja tu maadamu unaishi humo.

Aliyekwisha lipa je? Kama ni kwa hundi na haijapitishwa, nenda benki uizuie leo hii. Kama ni kwa kadi, pinga malipo. Ihifadhi barua na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta ni ushahidi, kisha ripoti kwa wakaguzi wa huduma ya posta na kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwarifu na mthamini, maana huenda wamewasilisha ombi kwa jina lako bila wewe kujua.

Kodi yenyewe msiiache ikisubiri majibu ya ombi. Awamu ya kwanza huchelewa baada ya 10 Desemba, ya pili baada ya 10 Aprili, na faini ni asilimia 10. Lipeni, na mkishinda mtarudishiwa.

Waliokuja na barua zao wazitoe sasa tuzisome pamoja. Tuanze na za safu ya mbele.