Akaunti Imefungwa, na Namba ya Zamani Ina Mwenyewe Mwingine

Kabla sijasema lolote, naomba wenye namba ile ile ya simu waliyokuwa nayo miaka kumi iliyopita wanyooshe mikono. Ahsanteni. Sasa wanyooshe wanaojua kwa hakika, bila kuchungulia simu, ni namba gani iliyoandikwa kwenye akaunti yao ya barua pepe kuwa ndiyo ya kurejeshea nenosiri. Mikono imepungua, na wengine mnaishusha polepole kama hamkuinyoosha.

Mimi pia nisingenyoosha. Niliwahi kufungiwa akaunti niliyoifungua ujanani. Nenosiri nilikuwa nalikumbuka vizuri kabisa, lakini nilikuwa nimebadilisha simu, na mfumo ukataka uthibitisho. Ukaniambia tarakimu sita zimetumwa kwenye namba yangu, ukanionyesha mbili za mwisho. Nikazitambua: ni laini niliyoiacha kitambo. Nikabonyeza "tuma tena". Nikabonyeza tena na tena. Mwishowe nikaipigia ile namba, akapokea mama mmoja, akaniambia kwa upole kuwa namba ni yake na kwamba tangu asubuhi anasumbuliwa na meseji za tarakimu asizozielewa. (Kicheko.) Nikamwomba radhi. Sikumwomba zile tarakimu, ingawa nakiri nilishawishika.

Kilichonipata mimi si cha ajabu. Kampuni za simu huzigawa upya namba zilizoachwa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walikagua namba 259 zilizokuwa zikisubiri wateja wapya kwenye kampuni mbili za simu za Marekani. Kati ya hizo, 171 zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Anwani za barua pepe nazo zimewahi kupitia njia hiyo: mwaka 2013 Yahoo walitangaza kuwa majina ya akaunti zilizokaa miezi 12 bila kutumika yatagawiwa wengine. Kwa hiyo taarifa zako za zamani hazikai tu zikikungoja. Zinaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine, na bahati yangu ilikuwa kumpata mama mstaarabu.

Watu waliofungiwa huja kwangu na hasira moja: "Akaunti ni yangu, kwa nini hawaniamini?" Nawajibu kwamba mlango wa "nimesahau nenosiri" ndio huo huo anaobisha mwizi. Septemba 2008 mtu aliingia kwenye barua pepe ya Yahoo ya Sarah Palin, aliyekuwa mgombea mwenza wa urais Marekani, bila kudukua seva yoyote. Alibonyeza nimesahau, akajibu maswali ya usalama: tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta, mahali alipokutana na mumewe. Kwa mtu maarufu, majibu kama hayo yako wazi mtandaoni. Miaka saba baadaye Google walichapisha utafiti kuhusu maswali ya aina hiyo. Kwa kukisia mara moja tu, mtu alikuwa na nafasi ya asilimia 19.7 ya kupatia chakula akipendacho mtumiaji wa Kiingereza. Wakati huo huo, asilimia 40 ya watumiaji wa Kiingereza nchini Marekani walishindwa kukumbuka majibu yao wenyewe. Mwenye mali anasahau, mwizi anapatia! Ndiyo maana kampuni kubwa zimeacha kuyategemea.

Zinategemea nini basi? Mienendo yako. Mfumo haukujui sura wala ukoo. Unajua kwamba akaunti hii hufunguliwa kwa simu fulani, kivinjari fulani (yaani programu ya kufungulia tovuti), kwenye intaneti ya mahali fulani. Hapo ndipo penye tumaini kwa aliyepoteza namba, na ndipo wengi wanapojiharibia. Mtu akifungiwa anakimbilia kompyuta ya rafiki, au anakwenda kwa fundi, anajaribu mara ishirini kwa pupa. Mbele ya mfumo, huyo anafanana na nani?

Fanyeni kinyume. Kwanza tafuteni ndani: simu ya zamani kabatini, tableti ya watoto, kompyuta ya kazini. Huenda kimojawapo bado kimo ndani ya akaunti. Kikiwemo, msikitoe kwenye akaunti! Tumieni hicho hicho kubadilisha namba na barua pepe ya kurejeshea. Angalieni pia kama kivinjari kimehifadhi nenosiri. Ikiwa laini imepotea lakini namba bado imesajiliwa kwa jina lenu, nendeni kwa kampuni ya simu mkapewe laini mpya ya namba hiyo. Kwa wengi shida inaishia hapo.

Hayo yakishindikana, ndipo mjaze fomu ya kurejesha akaunti. Google wenyewe wanashauri utumie kifaa na kivinjari ulivyovizoea, ukiwa mahali unapoingilia kwa kawaida, na usiruke maswali: hata nenosiri la zamani unalolikumbuka kwa kubahatisha ni bora kuliko kuacha wazi. Na aliyebadilishiwa namba ya kurejeshea na mwizi awahi, maana Google wanaweza kuendelea kutuma msimbo, yaani zile tarakimu za uthibitisho, kwenye namba au barua pepe ya awali kwa siku saba.

Kisha kuna kungoja. Ukilijua nenosiri la Microsoft lakini taarifa zote za uthibitisho zimekufa, unaweza kuziweka mpya, ila utasubiri siku 30. Fomu yao ya kurejesha haifanyi kazi kwa aliyewasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudaiwa uthibitisho wa pili juu ya nenosiri, jambo ambalo wengi wanaligundua wakiwa wameshafungiwa. Apple nao wana kipindi cha kusubiri, na kumpigia mhudumu simu hakukifupishi. Tena wanataka vifaa vingine vilivyomo kwenye akaunti vizimwe, kwa sababu akaunti ikitumika katika kipindi hicho ombi linafutika. Nimeona mtu akifuta ombi lake mwenyewe kwa kuchezea tableti siku ya nne. Siku hizo si uzembe wa kampuni: kama mwombaji ni mwizi, mwenyewe anapata muda wa kuona tahadhari na kukataa.

Humo katika kungoja ndimo matapeli wanamovulia. Ukilalamika hadharani kwamba umefungiwa, watakuja wa kukwambia wanamjua mtu ndani ya kampuni. Hawamjui. Wanataka ada, au ile misimbo itakayoingia kwenye simu yako.

Naona mkono pale. Dada anauliza: nimefanya yote hayo na wamenikatalia, je, imekwisha? Dada yangu, huenda imekwisha. Pumzisha majaribio siku kadhaa, rudi ukiwa na kifaa kile kile na majibu bora zaidi, lakini nyingine hazirudi, na mimi sitakudanganya. Kazi yako ya leo ni nyingine. Hiyo barua pepe iliyopotea umeiandikisha kwingi: benki, mitandao ya kijamii, picha. Ingia kote huko ubadilishe anwani, ukianza na zile akaunti ambazo bado ziko wazi kwenye simu yako, kabla moja haijakutoa na kukuambia kwamba msimbo umetumwa kule kule usikoweza kufika.