Hans Holbein na Nyuso Alizotuachia

Mabibi na mabwana,

Tarehe 12 Machi 1538, mjini Brussels, binti wa miaka 16 ambaye tayari alikuwa mjane alikaa mbele ya mchoraji wa Kijerumani kwa muda wa saa tatu. Binti huyo alikuwa Christina wa Denmark, na Mfalme Henry VIII wa Uingereza, aliyekuwa amefiwa na mkewe wa tatu, alitaka kuiona sura yake kabla ya kupeleka posa. Hivyo Hans Holbein alitumwa kufanya nusu ya kazi ya mshenga. Ndoa haikufungwa, lakini picha imebaki, na ukiitazama jijini London utamwona Christina amesimama wima katika nguo nyeusi za msiba, mikono yake myeupe imeshika glavu.

Saa tatu zilimtosha kwa sababu ya namna alivyofanya kazi. Mbele ya mtu alichora tu, kwa chaki za rangi juu ya karatasi ambayo mara nyingi ilipakwa kwanza rangi ya waridi ili iwe mfano wa ngozi, na pembeni aliandika kwa Kijerumani rangi ya kitambaa fulani ili asiisahau. Picha yenyewe ya mafuta aliichora baadaye, mwenye sura akiwa ameshakwenda zake. Michoro yake ipatayo 80 imehifadhiwa katika kasri la Windsor, na kwangu mimi mingi kati yake ina uhai kuliko picha zilizokamilika.

Holbein alizaliwa Augsburg karibu na mwaka 1497, mwana wa mchoraji, na ujana wake aliufanyia kazi Basel, mji wa Uswisi, ambako alimchora mwanazuoni Erasmus. Mageuzi ya dini yalipowafanya watu waache kuagiza picha za makanisani, riziki ya wachoraji ilikauka. Mwaka 1526 alikwenda Uingereza na barua ya Erasmus mkononi, akapokelewa na Thomas More, mwanazuoni na mwanasiasa wa huko. Miaka miwili baadaye alirejea nyumbani, na hapo ndipo alipochora picha ambayo naiomba sana tuitazame kwa makini.

Ni picha ya mkewe, Elsbeth, pamoja na watoto wao wawili. Hana kito wala zulia nyuma yake; macho yake ni mazito, mekundu pembezoni, na ameyainamisha chini huku mkono mmoja ukiwa juu ya bega la mtoto. Mume aliyemchora hakumpunguzia uchovu hata kidogo. Sijui picha nyingine ya zama hizo ambamo mchoraji ameusema ukweli wa nyumba yake waziwazi namna hiyo.

Kufikia mwaka 1532 alikuwa amekwisha kurudi London. Baraza la mji wa Basel lilimwandikia likimwahidi malipo ya kila mwaka endapo angerejea, lakini alibaki kuwachora wafanyabiashara Wajerumani wa huko, kisha mabalozi, na hatimaye mfalme mwenyewe.

Alifariki London mwaka 1543. Katika wosia wake wa Oktoba mwaka huo aliacha maagizo ya matunzo ya watoto wake wawili wachanga waliokuwa kwa mlezi huko Uingereza. Elsbeth hakutajwa.