Sindano ya Chuma Ikae Juu ya Maji: Fanya Hivi

Haya, karibuni tena. Leo sindano, ile ile ya kushonea, tunailaza juu ya maji na haizami.

Jaza bakuli maji. Ila bakuli lenyewe lisiwe na sabuni, nawaomba. Lisuuze, lisuuze tena, halafu mara ya tatu. Nilipojaribu mara ya kwanza nilihangaika saa nzima, nikailaumu sindano. Kumbe bakuli lilibaki na sabuni.

Chukua kipande cha tishu, kilaze juu ya maji, sindano juu yake. Sasa kwa ncha ya kijiti zamisha tishu kutokea pembeni. Sindano usiiguse. Polepole... polepole... aa! Imezama. Mmeona? Nimeigusa. Sikikati kipande hiki cha video, mjionee.

Turudie. Kausha sindano vizuri, ikiwa mbichi inazama. Mimi huipitisha kwenye nywele ipate mafuta kidogo, maana maji na mafuta hawapatani. Tishu... sindano... tishu inalowa, inashuka yenyewe... hiyo hapo! Ngoja nisogeze kamera. Tazama kandokando ya sindano: maji yamebonyea kama godoro lililolaliwa, lakini hayajaachia.

Chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji, kwa hiyo huku si kuelea kwa mashua. Molekuli ya maji, yaani chembe yake ndogo kabisa, ina oksijeni 1 na haidrojeni 2, nayo imepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Oksijeni ni mchoyo: huzivutia kwake elektroni, vile vichembe vyenye chaji hasi, ikawa na chaji hasi kidogo, na haidrojeni zikabaki na chaji chanya kidogo. Basi haidrojeni ya huyu hunasa kwenye oksijeni ya jirani. Hizo ndizo bondi za haidrojeni. Molekuli iliyo ndani huvutwa pande zote. Ya juu kabisa haina jirani juu yake, huvutwa chini na kando tu, ndipo uso wa maji unapokaza. Kuna wadudu wanaotembea juu yake hawalowi hata miguu.

Kushikana huko huko ndiko kunakoupa mti maji. Molekuli inayotoka jani kama mvuke huvuta iliyo nyuma yake, nayo huvuta nyingine, mpaka mizizini. Kuna miti inayopita mita 100 na haina pampu yoyote!

Sasa ninapopapenda mimi. Tone moja la sabuni kwenye kijiti, gusa maji mbali na sindano... chubwi! Kwisha. Sabuni imejipenyeza kwenye uso wa maji, mshiko umelegea.

Na usiione sabuni adui. Vifuko vya hewa vya mapafu vimetandwa maji kwa ndani, na maji hayo yakiachwa yajivute yatavikunja. Kwa hiyo mapafu hutengeneza utando wa mafuta na protini unaofanya kazi kama sabuni hii. Mtoto njiti huweza kuzaliwa kabla haujatosha, akapumua kwa taabu, na madaktari humtilia utando wa namna hiyo mapafuni kwa mrija.

Mnaotaka kurudia: bakuli hilo sasa lina sabuni. Mara tatu, nimesema.