Lester Bowie na koti lake jeupe

Haya, walio nyuma sogeeni, viti hapa mbele viko vitupu kama tunagawa kazi. Nimepewa dakika ishirini za maisha ya Lester Bowie, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani, kwahiyo mambo ya jazz ilianzia wapi nayaruka, mtajijua wenyewe. Mimi naanza na Lagos, na walionisikia mwaka jana wanivumilie.

1977, jamaa anatua Lagos na tarumbeta, tiketi ya kwenda tu, mfukoni dola mia. Usiku mmoja hotelini umekula nusu ya hela, asubuhi kabaki na ya chakula. Mhudumu anamwambia wewe nenda kwa Fela, yaani Fela Kuti, yule mwanamuziki wa Afrobeat. Kwa Fela ndo wapi? Panda teksi, kila dereva anapajua. Basi akafika, akakutana na mtu mlangoni, umebeba nini hapo, tarumbeta, unapiga nini, jazz, umetoka wapi, Chicago, mpaka Fela mwenyewe akatoka, akaagiza santuri iwekwe, haya piga.

Sasa nisikilizeni hapa. Huyu si mtu wa kawaida, huyu ni mpiga tarumbeta wa Art Ensemble of Chicago, kundi la jazz, watu wanaopanda jukwaani na kengele, honi za gari, wenzake kadhaa wamejipaka rangi usoni, na yeye akitaka ile tarumbeta inacheka, inakoroma, inatukana. Angeweza kummwagia Fela vituko vyote vile. Hakufanya. Alipiga blues! Hajafika mbali Fela akasema simama, nendeni mkachukue mizigo yake, anahamia hapa. Akakaa miezi, na sauti yake imo kwenye rekodi za Fela za mwaka ule.

Najua kuna mtu hapo anajisemea moyoni, free jazz si kila mtu anapuliza anavyojisikia, hata mwanangu anaweza. Mlete mwanao! Subiri niwaonyeshe. (Anachukua tarumbeta.) Hii ni noti ya kawaida. Sasa kibonyezo sikishushi mpaka chini, nakiacha katikati. Mnasikia inavyobanwa, kama mtu anaongea na chakula mdomoni? Yule bwana alikuwa anaiweka hiyo palepale anapotaka, na inachekesha palepale anapotaka ichekeshe. Mimi nina miaka thelathini kwenye hii kazi na bado inanitoroka.

Na aliipata wapi? Baba yake mwalimu wa muziki, mpiga tarumbeta, mtoto kakulia St. Louis mdomo uko kwenye chuma tangu mdogo. Akaenda jeshini, jeshi la anga, akatoka akazunguka na bendi za blues, Albert King, Little Milton, kazi za usiku kucha watu wanataka kucheza, hawataki falsafa. Mke wake Fontella Bass, yule mwimbaji wa Rescue Me ya 1965, na Lester ndo alikuwa anamwongozea bendi. Kwahiyo nyie mnaoniambia mwalimu mimi sipigi matarumbeta ya harusi, mimi msanii wa majaribio, kupanda nyuma ya kirikuu Mbagala ni aibu, nawauliza mnajaribu nini sasa kama wimbo wenyewe hamuujui? Mimi hicho kirikuu ndo kimenisomesha, mvua, jua, bibi harusi kachelewa masaa manne na bado unapuliza.

Naona naonyeshwa saa. Haya, harakaharaka. 1969 aliuza fanicha zake, kundi zima likaenda Paris, wakarekodi kama wana deni. Koti jeupe la maabara, lile mnaloliona kwenye picha, alivaa kwasababu jukwaa kwake ni mahali pa utafiti. Baadaye akaunda bendi ya Brass Fantasy, vyombo vya kupuliza vya shaba tupu na ngoma, wanapiga mpaka Whitney Houston, wajuaji wakanuna. Ugomvi wake na mpiga tarumbeta mwenzake, Wynton Marsalis, leo sina muda nao, na ndo mlikuwa mnausubiri, najua. Alifariki Novemba 1999 Brooklyn, saratani ya ini, miaka 58.

Kuna rekodi ya 1968 yuko peke yake na tarumbeta, anajifanya mwandishi anajiuliza mwenyewe, eti jazz imekufa? Anapiga weee, mwisho anajibu inategemea wewe unajua nini.

Fundi mitambo, tuwekee No Agreement, ile ya Fela ambayo Lester kapuliza. Nyie wa nyuma kule, zimeni simu.