Sinema Zilizokosa Msimulizi

Asante, mama mwenyekiti. Wazee wetu, walimu, wanafunzi, na ninyi vijana mliosimama mlangoni, sogeeni mbele, mkeka upo. Sinema haitazamwi kwa kusimama.

Nimeombwa nizungumzie sinema za zamani za kubuni za kisayansi, zile nzuri ambazo watu wamezipita bila kugeuza shingo. Nitaanzia Kasese, magharibi mwa Uganda, maana huko ndiko nilikojifunza kutazama.

Baba yangu alikuwa mchimba shaba Kilembe. Mgodi ulipofungwa tulibaki palepale, na Kiswahili cha wachimbaji kikabaki nasi, kwa sababu Mkonzo, Mkiga na Mkongo walipokutana chini ya ardhi walihitaji lugha moja ya kuambiana jiwe linaanguka. Karibu na stesheni ya reli palikuwa na kibanda cha video. Kuta za mabanzi, paa la bati, gunia limetundikwa dirishani kuzuia mwanga. Nje, ubao wenye majina ya sinema za siku hiyo kwa chaki. Ndani, mabenchi, televisheni moja ndani ya kisanduku chenye kufuli, na jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta. Na pembeni, kwenye kiti cha plastiki, maikrofoni mkononi: VJ.

Kwa wageni wetu waliotoka Mombasa, nieleze kidogo. VJ wa Uganda si mkalimani tu. Anachukua sinema ya Kimarekani au ya Kihindi, anapunguza sauti yake, anaisema kwa Kiganda huku inaendelea. Wahusika anawapa majina ya mtaani. Anakuonya kwamba yule mwenye koti si mtu wa kuaminiwa. Anakukumbusha yule aliyeuawa mwanzoni alikuwa ndugu wa nani. Kazi hii ilianza kwetu kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, enzi za kanda za VHS, na leo ni nani Kampala asiyeijua sauti ya VJ Jingo? Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex kule Wakaliga mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ikawa sehemu ya sinema yenyewe. Ukiiondoa, umeondoa nusu ya uhai wake. Tanzania nao walikuwa na watu wa kazi hiyo kwa Kiswahili. Jina la Lufufu wengi wenu mnalijua. VJ wetu wa Kasese alichanganya Kiswahili na Kikonzo, na mimi nilimpenda kama mjomba.

Jioni moja malaria ikamlaza. Mwenye kibanda hakutaka kupoteza mapato ya siku, akaweka kanda yoyote aliyoishika. Juu ya kasha palikuwa na picha ya mtu na bunduki. Kwenye kioo ikatokea konokono. Konokono anatambaa juu ya jani lenye umande, halafu chura, halafu maua, halafu mtu anaoga mtoni. Kisha kamera inarudi nyuma, inarudi, na tunaona kwamba msitu wote ule umo ndani ya kuba la kioo, na kuba limeshikana na chombo kinachoelea angani mbali kabisa na dunia.

Watu walivumilia kama robo saa. Kwenye kioo hakuna aliyepigwa, hakuna aliyekimbizwa. Wakaanza kudai hela zao, wakatoka. Tulibaki watoto watatu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipolijua jina lake: Silent Running, ya mwaka 1972, ya Douglas Trumbull, yule aliyeshughulikia picha za angani katika 2001: A Space Odyssey.

Nasema hivi tangu siku ile, na leo naisema mbele yenu: sinema ile haikuwa na kasoro ya kufukuza watu. Ilikosa mtu wa kuisimulia. VJ wangu angekuwepo, angewaambia wale watu kitu kimoja tu, kwamba huo ndio msitu wa mwisho, duniani hakuna mwingine, na amri imekuja ulipuliwe. Hakuna ambaye angetoka.

Maana hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Mimea ya dunia imekwisha, iliyobaki inatunzwa ndani ya vyombo karibu na sayari ya Zohali. Kisha wakubwa wanaamuru makuba yalipuliwe kwa mabomu ya nyuklia, vyombo virudi kwenye biashara. Wafanyakazi watatu wanafurahi, wanataka kwenda nyumbani. Wa nne, Freeman Lowell, anayeigizwa na Bruce Dern, anakataa, na kukataa kwake kunamwaga damu. Hapo ndipo ninapoiheshimu: haimfanyi mtetezi wa msitu kuwa malaika. Anawaua wenzake ili kuokoa miti, na baadaye anakaa peke yake na uzito huo.

Ana roboti wadogo, wafupi kama mitungi ya maji, wasio na uso wala sauti. Ndani yao walikuwamo waigizaji wanne wasio na miguu, wakitembea kwa mikono. Ndiyo sababu wale roboti wanayumba kidogo, wanasita, wanageuka kama mtu anayefikiri. Lowell anawafundisha kucheza karata. Anawafundisha kupanda mti. Na picha ya mwisho, nitaisema kwa sababu haiharibiki kwa kusemwa, ni roboti mmoja peke yake ndani ya kuba, anamwagilia maua kwa kopo kuukuu la kuchezea watoto, na kuba linaelea kwenda mbali.

Ina pengo. Lowell ni mtaalamu wa mimea, lakini anachukua muda mrefu mno kugundua kwamba msitu wake unanyauka kwa kukosa jua. Hilo ni kosa la mwandishi na silitetei. Lakini sisi ambao mwaka 2007 tuliona watu wakiandamana hapa Kampala ili sehemu ya msitu wa Mabira isikatwe kupisha miwa, na wengine wakapoteza maisha, hatuhitaji kufundishwa kwamba swali la sinema hii ni la kweli.

Sasa twende kwa sisimizi.

Mwaka 1974 ilitoka Phase IV. Aliyeiongoza ni Saul Bass, mchoraji aliyebuni utangulizi wa sinema za Vertigo na Psycho, yale maandishi na michoro ya mwanzo ambayo leo yanafundishwa vyuoni. Hii ndiyo sinema ndefu pekee aliyowahi kuiongoza, kwa sababu ilianguka sokoni. Hadithi inasema iko kwenye jangwa la Arizona, Marekani. Lakini picha za nje zilipigwa Kenya. Kwa hiyo ule udongo na lile anga mnaloliona ni vya hapa jirani, na nimekutana na wapenzi wengi wa sinema wa Afrika Mashariki ambao hawajawahi kulisikia jina lake.

Jambo limetokea angani, na sisimizi wa aina zote, waliozoea kuuana, wameanza kufanya kazi pamoja. Wanasayansi wawili wanajifungia ndani ya kituo jangwani kuwachunguza. Wanamwaga sumu ya manjano. Na hapa, ndugu zangu, naomba mtulie, maana hii ni dakika ambayo sijaiona ikizidiwa. Kamera ya Ken Middleham inashuka shimoni mpaka sisimizi anajaa kioo kizima. Amebeba punje ya ile sumu. Anaivuta, miguu inalegea, anakufa. Anakuja mwingine, anaichukua punje, anaivuta hatua chache, naye anakufa. Mwingine tena. Hakuna neno linalosemwa. Punje inasogea kutoka maiti hadi maiti mpaka inafika kwa malkia. Malkia anaila. Kisha anataga, na watoto wanaozaliwa ni wa manjano, na sumu ile haiwagusi tena.

Mtu yeyote aliyewahi kumwaga dawa kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akarudi baada ya wiki akakikuta kimeinuka tena, anaielewa sinema hii kuliko wakosoaji wa mwaka 1974. Studio iliukata mwisho wake kwa hofu ya kuwachanganya watazamaji. Ule mwisho wa Bass ulipatikana tena mwaka 2012. Mkiupata, utazameni huo.

Zipo nyingine nitazitaja kwa haraka tu. Colossus: The Forbin Project, 1970: kompyuta ya ulinzi ya Marekani inagundua kwamba Wasovieti nao wanayo yao, zinaanza kuzungumza kwa hesabu za kuzidisha za mtoto wa shule, na kufumba na kufumbua wanadamu hawazifuati tena. Kila kijana anayeuliza maswali yake kwa akili mnemba aitazame. The Quiet Earth, 1985, kutoka New Zealand: mtu anaamka asubuhi, watu wote wametoweka. Nusu ya kwanza ni bora sana. Ya pili naipenda kidogo.

Lakini siwezi kupita haraka kwenye The Brother from Another Planet ya John Sayles, 1984. Mwaka huohuo ilitoka The Terminator, ambayo kila kibanda cha Uganda kimeionyesha mpaka kanda ikakatika. Hii ya Sayles ilitengenezwa kwa pesa chache sana, na fedha zake nyingine zilitokana na tuzo aliyopewa mwenyewe. Chombo kinaanguka New York, karibu na kisiwa cha Ellis, mahali walipopokelewa wahamiaji. Anatoka mtu mweusi. Ni mtumwa aliyetoroka sayari nyingine, na hawezi kusema. Joe Morton anamwigiza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutamka neno moja. Anagusa ukuta wa jengo lile la wahamiaji, na sauti za waliopita pale zinamjia zote kwa pamoja, mpaka anajitoa kwa kishindo. Halafu anaingia Harlem, na kila mtu kwenye baa anamzungumzisha, kila mmoja akidhani anaelewa jibu lake.

Miaka ile ya vita vya Congo alifika kwetu kijana aliyevukia mpaka wa Mpondwe. Hakusema na mtu. Alikaa kwenye veranda ya fundi redio, na siku moja akachukua redio iliyoshindikana, akaiweka sikioni ikiwa imezimwa, akaisikiliza hivyo kwa muda, ndipo akaifungua. Ikapona. Fundi akampa kiti. Mwaka mzima ukapita kabla hatujaisikia sauti yake. Basi siku nilipomwona Joe Morton anaweka kiganja juu ya mashine mbovu ya michezo, anafumba macho, nayo inawaka, nilisimamisha sinema nikatoka nje kupumua. Nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Sayles alijua kwamba mgeni hahitaji pembe wala damu ya kijani. Kuna mahali katika sinema yule ndugu yuko na mtoto mbele ya picha ya mtumwa anayetoroka. Anaionyesha picha, anajionyesha yeye, kisha anainua kidole gumba kuelekea juu. Basi. Mhadhara wote wa utumwa na ukimbizi uko kwenye kidole kile.

Mnaona jinsi zinavyofanana? Zote zinanyamaza mahali ambapo sinema nyingine zinapiga kelele. Na kimya kinamwogopesha mtazamaji asiye na mwenzake wa kumshika mkono. Ndiyo maana nawaomba ma-VJ mlio humu, nimewaona watatu, mzichukue hizi. Mzichukue kwa Kiganda, na mzichukue kwa Kiswahili pia, kwa kuwa sasa ni lugha rasmi ya nchi hii. Dada yetu Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi mwaka 2009, dakika ishirini na kitu, kuhusu dunia iliyoishiwa maji ambako jasho lako mwenyewe linachujwa ili ulinywe. Jina la Kiswahili, lakini wanayosema ndani ni Kiingereza. Bibi yangu angeisoma kwenye ubao wa chaki, angelipa, angeingia, na asingeambulia kitu. Kazi hiyo inawasubiri.

Leo nimewaletea moja, La Jetée, ya Mfaransa Chris Marker, 1962. Ni dakika 28. Paris imeteketea katika vita vya tatu vya dunia, waliosalia wanaishi chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anarushwa nyuma katika wakati kwa sababu ana kumbukumbu moja ya utotoni isiyofutika: uso wa mwanamke kwenye uwanja wa ndege. Terry Gilliam aliitoa humo 12 Monkeys, ambayo wengi mmeiona. Lakini hii haina waigizaji wanaozungumza. Ni picha za mnato, moja baada ya nyingine, na juu yake sauti ya msimulizi mmoja. Msimulizi tu, ndugu zangu. Miaka mingi kabla ya kibanda cha kwanza Uganda, Mfaransa alitengeneza sinema yenye umbo la kazi ya VJ.

Nimeyaandika maneno yake kwa Kiswahili, kurasa kumi na moja, na nitayasoma mwenyewe kwa maikrofoni hii. Isipokuwa mahali pamoja. Mtamwona yule mwanamke amelala, picha baada ya picha, na mtasikia ndege wanaanza kulia, wanazidi, wanazidi. Hapo nitanyamaza, nanyi mtazame macho yake tu, msipepese.

Kaka pale nyuma, zima taa. Na ile feni pia, tafadhali, tuwasikie ndege.